Kutoka Kimara Alfajiri: Taa Ipi Ifaayo Baiskeli Yako?

Ndugu msomaji, kama hujapata kutoka Kimara kwa baiskeli saa 10 na nusu alfajiri, bado hujaijua Dar es Salaam yote. Mchana mji huu ni wa magari na makelele. Saa ile ya alfajiri ni wa watu wachache: mlinzi arudiye kutoka lindoni, mama aendaye kuchukua mboga sokoni, na sisi wenye zamu ya saa 12 asubuhi, ambao tumeona afadhali nauli ya mwezi inunue madaftari ya watoto.

Safari yangu huanzia gizani. Kutoka nyumbani hadi barabara kuu ni njia ya udongo isiyo na taa hata moja, yenye makorongo ambayo mvua za masika huyahamisha kila wiki. Kisha naingia Barabara ya Morogoro na kuteremka hadi Ubungo, penye barabara za juu zilizofunguliwa mwaka 2021 na kupewa jina la Kijazi. Baada ya hapo ni Shekilango, Urafiki, Manzese, Magomeni, na bonde la Jangwani ambalo mto Msimbazi hulifurika mvua zinapozidi. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yana njia yao katikati. Sisi hupita pembeni. Huko taa za barabarani zipo, lakini zikizimika kipande kimoja, giza la hapo huwa zito zaidi kwa kuwa jicho limekwisha zoea mwanga.

Kwa muda mrefu nilitumia taa ya dinamo. Bila shaka waijua: kichupa kinachosuguliwa na tairi, balbu ya volti 6, na mwanga unaofifia kila upunguzapo mwendo. Ukisimama, nayo inazima. Baada ya kutumbukia korongoni mara mbili niliapa kununua taa kali kuliko zote. Nikapata tochi ya LED iliyoandikwa lumeni 10,000, nikaifunga kwenye usukani, nikaielekeza mbele. Kuta za nyumba za mbali ziling'aa kama mchana. Nilijiona mfalme wa barabara.

Ufalme huo ulidumu siku nne. Siku ya tano, kati ya Shekilango na Urafiki, taa za barabarani zilikuwa zimezimika. Mbele yangu alikuja mzee mmoja akiendesha baiskeli bila taa, amepakia mikungu miwili ya ndizi kutoka Mahakama ya Ndizi. Mwanga wangu ulimpiga machoni. Aliinua mkono mmoja kujikinga, usukani ukamponyoka, akaingia mtaroni pamoja na mzigo wake.

Nilishuka mbio. "Shikamoo mzee, umeumia?"

"Marahaba." Aliketi ukingoni akilishika goti, akizitazama ndizi zilizopondeka. Hakunitukana. Alisema tu, "Taa yako ni nzuri, mwanangu, lakini imeninyang'anya njia." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo kwamba ndizi zile alizichukua kwa mali kauli, na mwenyewe alikuwa akingoja fedha jioni ile. Mfukoni nilikuwa na shilingi 5,000. Nilimpa zote, naye akapokea, na sote wawili tulijua kwamba hazikutosha.

Kupotea njia ndiyo kujua njia. Jioni ile nilimpelekea tochi yangu fundi wa baiskeli pale Manzese. Aliigeuza mara moja, akacheka. "Mwanga ni kama maji ya kumwagilia bustani," alisema. "Ukiyamwaga hewani, mche haunywi."

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo ambayo ningependa nawe uyajue kabla hujatoa fedha yako.

Kwanza, usiamini tarakimu kubwa. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote utokao katika taa. Mshumaa mmoja hutoa kama lumeni 12. Balbu nzuri ya LED hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja. Basi lumeni 10,000 zingehitaji wati 100, na betri moja ya lithiamu ya mviringo, ile yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ingekwisha kwa dakika zipatazo 7. Tochi yangu iliwaka saa nzima; maana yake maandishi yalisema uongo. Kadhalika, ukiona betri ya umbo hilo imeandikwa mAh 9,900, irudishe rafuni. Zilizo za kweli ni nadra kuzidi mAh 3,500 kwa kiasi kikubwa.

Pili, pima mahitaji yako kwa mwendo wako. Kwa kilomita 20 kwa saa, baiskeli hupita mita 5 na nusu kila sekunde. Ukihesabu sekunde moja ya kushtuka, na mita 5 za breki nzuri penye lami kavu, utasimama baada ya mita zipatazo 11. Penye udongo au maji zitazidi. Kwa hiyo shimo lililo mita 15 mbele sharti ulione. Ukiteremka Kimara kwa kilomita 30, umbali wa kusimama hukaribia kuwa maradufu. Kwa njia kama yangu, lumeni 300 au 400 za kweli zimetosha, na penye giza nene napunguza mwendo. Betri njema ya mAh 3,000 huendesha taa ya wati 4 kwa zaidi ya saa mbili, nami huichaji jioni kwa chaja ya simu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tazama umbo la mwanga. Tochi ya mkononi hutupa mwanga wa duara, na nusu ya juu ya duara hilo huishia machoni mwa watu. Taa iliyotengenezwa kwa ajili ya barabara huukata mwanga kwa juu, kama taa za gari zilizoshushwa, na kuulaza wote chini. Ikiwa una tochi tu, iinamishe. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani. Katikati ya mwanga pawe chini ya kimo cha taa kwa sentimita 30 hivi. Usiifanye ipepese-pepese gizani, maana ajaye hushindwa kukadiria uko umbali gani. Na nyuma usisahau taa nyekundu, kwani gari likupitalo halitokei mbele peke yake.

Siku hizi napita Urafiki na taa ndogo iliyolaza mwanga wake chini. Naona kila ufa wa lami, na wanaokuja hunisalimu badala ya kufunika macho. Lakini bado namtafuta yule mzee. Nimeuliza Mahakama ya Ndizi mara kadhaa. Wapakiaji ni wengi, na wazee wenye baiskeli ni wengi pia. Fedha za mikungu miwili nimeziweka katika bahasha, na bahasha hukaa mfukoni kila alfajiri.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapokwenda kununua taa, mwambie muuzaji aiwashe, kisha usisimame nyuma yake. Nenda mbele, hatua kumi, utazame ulikotoka. Hapo ndipo husimama yule utakayekutana naye njiani.