Tanzia: Sheria ya Kurithi Utemi wa Ugogo

Kwa masikitiko tunatangaza kifo cha Sheria ya Kurithi Utemi wa Ugogo, kilichotokea mwaka 1963, Tanganyika huru ilipofuta mamlaka ya machifu. Habari ziwafikie wana wa Mvumi, wakazi wa Chimwaga kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma, na Wagogo wote popote walipo.

Marehemu hakuandikwa kitabuni. Alitunzwa na wazee. Alisema utemi ni wa ukoo wenye nchi na hupita kwa upande wa baba. Mrithi alikabidhiwa kigoda na mawe ya mvua. Ugogo ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Mvua ikikatika Februari, uwele na mtama hukaukia shambani. Kwa hiyo mtemi alirithi dhamana ya mvua kabla ya heshima yoyote. Hakurithi jeshi. Mfugaji aliyepoteza imani naye aliswaga ng'ombe wake, akajenga tembe katika nchi ya mtemi mwingine. Damu ilimpa mrithi cheo, lakini nguvu alipewa na watu waliokubali kubaki.

Marehemu aliugua muda mrefu. Wajerumani walileta maakida. Vita vya Wazungu vikapora nafaka na mifugo, na njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920 ikaua na kutawanya watu, watemi wasiweze kuwaokoa. Kisha Waingereza, kwa sheria ya 1926, wakamfanya mtemi kuwa mkusanya kodi na hakimu wa baraza. Hata Mazengo wa Mvumi, mtemi mashuhuri kuliko wote, alitawala chini ya mfumo huo. Mshahara ukitoka bomani, mrithi huanza kulitazama boma kuliko mawingu.

Wasiomlilia marehemu wana haki yao. Alimfungia mlango binti, na kila aliyezaliwa nje ya ukoo.

Kinachotuuma ni kwamba marehemu ameacha ndugu asiyestahili kubaki. Mwaka uleule wa 1963, Tangazo la Serikali namba 436 liliandika mila za kurithi mali: fungu kubwa kwa mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa, binti daraja la mwisho, na mjane hana fungu iwapo mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Mwaka 2015, kwa malalamiko ya wajane wawili, kamati ya Umoja wa Mataifa iliieleza Tanzania kwamba sheria hiyo inawabagua wanawake. Tulikataa kiti kirithiwe kwa damu, tukakubali mjane atolewe nyumbani kwa hoja ileile ya damu.

Mirathi ya marehemu ni mambo mawili: kiongozi ajibu kwa njaa ya watu wake, na watu wawe huru kumwacha. Hayo tuyarithi sote, wanaume kwa wanawake. Ile sheria ya mali ifutwe. Bunge linaketi Dodoma, ndani ya Ugogo, na kazi hiyo ni yake.