Sisi Akina Nani?

Watu wakisikia kwamba nilisoma Kichina Dar es Salaam, kisha nikaenda kufanya kazi Dubai na kupanga chumba pamoja na kina dada wawili wa Kifilipino, huniuliza swali lile lile: Kichina na Kitagalogi si vinafanana? Huko kote si Asia?

Havifanani. Kitagalogi ni ndugu wa Kimalei na wa Kimalagasi, lugha ya jirani zetu wa Madagaska. Mbingu kwa Kitagalogi ni langit, kwa Kimalagasi ni lanitra. Kichina kina ukoo wake mwingine kabisa, na ndugu zake wa mbali ni kama Kitibeti na Kiburma.

Tofauti yenyewe niliikuta dukani. Nilikuwa nauza vifaa vya umeme kwa bosi Mchina, na maneno niliyoyahitaji kila saa yalikuwa "nunua" na "uza". Kwa Kimandarini, Kichina rasmi, yote mawili ni mai. Sauti ikishuka kisha ikapanda, mǎi, ni kununua. Ikianguka ghafla, mài, ni kuuza. Kwenye maandishi kila moja lina alama yake, lakini mdomoni tofauti ni ya koo tu.

Jioni nikamuuliza mkubwa wetu wa chumba, ambaye sote tulimwita Ate, yaani dada mkubwa, wao husemaje. Kitagalogi nacho kina shina moja, bili, ila kinacheza na viambishi. Chomeka -um- katikati unapata bumili, kununua. Tanguliza mag- unapata magbili, kuuza, ingawa madukani leo wengi husema magbenta, neno lenye asili ya Kihispania. Mswahili anaielewa mbinu hii bila mwalimu. Sisi tunakopa, halafu tunaongeza silabi moja, tunakopesha.

Hata hivyo, lugha hizi mbili zimekaa pamoja muda mrefu. Wafanyabiashara kutoka Fujian, kusini mwa Uchina, walikuwa wakifika Manila hata kabla ya Wahispania, na mwaka 1594 Wahispania walitenga eneo la Binondo kwa ajili ya Wachina waliobatizwa. Bado ni mtaa wa Wachina hadi leo. Waliyoyaacha kwenye Kitagalogi ni ya jikoni na ya nyumbani: pansit, tambi za kukaanga, lumpia, zile roli nyembamba za mboga au nyama, susi, ufunguo. Hata kuya, kaka mkubwa, na ate mwenyewe, ni Wachina waliohamia. Nilipomtajia bosi maneno hayo hakuyatambua. Yeye alikuwa mtu wa Guangzhou, na maneno yale yalitoka kwenye Kihokkien, Kichina cha Fujian. Tunaposema "Kichina" tunataja lugha nyingi ambazo wenyewe hawasikilizani.

Lakini neno lililonikaa moyoni ni dogo kuliko yote hayo: sisi.

Kitagalogi hakina "sisi" moja. Kina tayo, sisi pamoja na wewe ninayesema nawe, na kina kami, sisi bila wewe. Huwezi kukwepa kuchagua. Kimandarini nacho kina kitu cha namna hiyo. Mwalimu wangu, mtu wa Beijing, alitufundisha zánmen, sisi na wewe ukiwemo, kando ya wǒmen, sisi ya kawaida. Ila watu wengi wa kusini huishia kwenye wǒmen tu, na humo mnaingia wote au wachache, kadiri msemaji anavyotaka.

Mwaka wangu wa pili, bosi alianza kusema "Wǒmen yào bān", tunahama. Alisema hivyo kwa wiki kadhaa, kwenye simu na mbele yetu, huku makatoni yakifungwa. Tulikuwa wauzaji wanne tusio wa familia yake. Viza zetu zilikuwa mikononi mwa duka lile, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kama tumo. Siku ya mwisho ndipo tulipojua kwamba waliohama ni yeye, mkewe na shemeji zake. Silaumu lugha. Mtu wa Beijing mwenye zánmen yake anaweza kukuacha vilevile. Ila wǒmen ilimruhusu bosi kukaa kimya huku anaongea.

Mwezi huohuo mwenye nyumba akapandisha kodi. Ate na mwenzake wakawa wanazungumza usiku kwa sauti ya chini, nami nimelala nikiitazama dari, sina kazi, najua kabisa kwamba watu wawili wanapata chumba kwa urahisi kuliko watatu. Asubuhi moja Ate alikuwa akikunja nguo. Akasema, bila kuniangalia, "Lilipat na…"

Kitagalogi hupenda kutanguliza kitenzi. Kuhama kulishasemwa, lakini nani anahama kulikuwa bado hakujatoka mdomoni mwake. Nadhani ni nusu sekunde tu.

"…tayo."

Akanitupia begi nianze kupanga vyangu.

Jioni nikampigia mama, Tanga. Nikamwamkia, nikamwambia tunahama. Kiswahili chetu hakina tayo wala kami. "Tu-" yetu inabeba yeyote, na haikwambii ni nani amebaki nje. Labda ndiyo maana wazazi wetu hawaachi kuuliza.

"Mnahama nyie akina nani?" akasema mama.

Nikaanza kumhesabia: Ate, mwenzake, na mimi.