ANWANI ULIYOJIPA MWENYEWE



Jumamosi usiku nilikuwa ofisini kanisani nikitayarisha kompyuta ya darasa la vijana. Ndani yake tumeweka mashine pepe (si pepo, wapendwa!), yaani kompyuta nyingine inayofanya kazi ndani ya kompyuta. Ilikataa kuingia kwenye intaneti. Nikaangalia anwani yake, inaanza na 169.254.

Nikampigia kijana wetu wa mitambo. Akaniambia, "Pasta, hiyo anwani haikupewa. Imejipa yenyewe."

Akanieleza. Mashine ikiwaka huita mtandaoni: kuna wa kunipa anwani? Kwa kawaida ruta hujibu na kuigawia. Asipojibu yeyote, Windows hujichagulia anwani ya 169.254. Kwa anwani hiyo itaongea na mashine za karibu zilizojipa kama yenyewe, lakini haitoki nje.

Nikasema basi niiandikie nambari kwa mkono. "Hapana, Pasta. Bado itakuwa imefungiwa. Angalia kwanza umeiunganisha wapi."

Kumbe ni mimi niliyeiweka kwenye mtandao wa ndani, usiofika kwa ruta. Nikabadilisha mpangilio, nikaiamuru iombe upya. Sekunde chache tu, ikapata 192.168, na intaneti ikafunguka.

Nilinyamaza pale kitini. Wapendwa, niwaambie ukweli. Mwaka jana nilipitwa katika uteuzi fulani wa huduma, nikajipa jina: Aliyesahaulika. Nikapata watumishi wenzangu waliojipa jina hilo hilo. Tulipigiana simu usiku, tukaelewana kabisa, nikadhani huo ni ushirika. Lakini maombi yangu hayakuvuka dari.

Katika Mwanzo 11 watu wanajenga mnara ili wajifanyie jina. Sura ya 12, Mungu anamwahidi Abramu kwamba Yeye ndiye atakayelikuza jina lake. Tofauti ni nani anayetoa.

Kuna jambo lililonitia moyo. Hata baada ya kujipa anwani, ile mashine haiachi kuuliza. Kila dakika 5 Windows huita tena, na ikijibiwa, anwani ya kujipa huachwa.

Jumapili kabla ya ibada nilimpigia yule aliyeteuliwa, nikamwomba msamaha.

Mpendwa, umejiita nani tangu ulipoumizwa? Usijiandikie jina lingine kwa mkono. Angalia umeunganishwa wapi, kisha uombe tena.

Mubarikiwe. Kama neno hili ni lako, sema Amina.