Chini ya Mwembe wa Shishiyu

Hivi na wewe umeshawahi kupata meseji inayomhusu mumeo lakini imetumwa kwako? Yangu iliingia Jumapili asubuhi, nimeshika pasi. "Shosti, Jumamosi karibu sana, ila safari hii njoo peke yako." Nikaisoma mara mbili. Nikachungulia sebuleni, baba watoto anakula chapati zake hana habari. Nikaifunga simu.

Wiki tatu baadaye meseji ilikuwa bado kwenye pochi yangu, ndani ya basi linalotoka Mwanza kwenda Maswa, na mwenyewe amelala begani kwangu.

Nikupe kisa kwanza. Tupo jozi nne za marafiki, tunakutana Tabata Jumamosi usiku. Tulianza na karata, tukahamia ludo, halafu mwenzetu mmoja akarudi kutoka masomoni Ulaya na mchezo wa kuigiza mezani, Dungeons & Dragons, ule uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja anasimulia, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na ukitaka kufanya jambo la hatari unarusha dadu lenye pande 20. Ni kama hadithi za bibi, ila wewe umo ndani. Raha tupu!

Raha tupu mpaka zamu ya mume wangu ifike. Dadu likimwangusha, limegonga sahani, lirushwe upya. Zamu yangu ikifika, ananijibia yeye. Jumamosi ile ya mwisho alibishana na msimulizi dakika arobaini kuhusu urefu wa kamba. Kamba yenyewe ya kufikirika! Akamaliza kwa kusema tunamwonea, akachukua funguo za gari. Mimi nikabeba sahani yangu ya pilau na kumfuata. Njia nzima hakuna aliyesema neno.

Sasa twende Shishiyu. Ni kata ya Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu, ambao kabla ya mwaka 2012 huku Maswa na Bariadi kote kulihesabiwa Shinyanga. Ukitoka Mwanza unashika barabara ya Shinyanga, unakunja Mwigumbi, na lami inakufikisha Maswa mjini. Kutoka hapo ni bodaboda na vumbi. Tulikwenda Julai, pamba imeshavunwa, imelala majumbani kama mawingu yaliyochoka kupaa. Nchi ni tambarare, hewa kavu, ng'ombe wengi kuliko magari. Usitegemee hoteli. Tegemea maziwa ya mgando, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) na salamu ndefu. "Mwadila!" unaambiwa mchana, na ukiitikia kwa haraka ya Dar watakuona umekosa adabu. Mimi naitikia huku nimepiga goti kidogo, mama mkwe anafurahi, anamwambia wifi kwamba mkwe wa mjini anajifunza.

Baba mkwe ni mwalimu mstaafu. Alifundisha Lindi miaka mingi, akarudi nyumbani na vitu viwili: baiskeli na bao la Kiswahili. Wasukuma wana bao lao la asili, isolo, lakini chini ya mwembe wa baba mkwe kinachochezwa ni la pwani. Mashimo 32, safu nne za nane nane, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi na 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba yake. Hatua ya kwanza, namua, unaingiza kete moja moja mpaka mkono uishe, ndipo linaanza la mtaji. Msomaji usidharau. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mtu wa bao, na si mtu aliyependa vitu vyepesi.

Siku ya pili alasiri nikapeleka chai pale kwenye mwembe, nikabaki. Wazee saba hivi, vijana wawili na bodaboda mmoja aliyesahau abiria wake. Mume wangu amekaa pembeni, kimya. Anayecheza ni baba yake.

Jamani. Nilidhani namwona mume wangu akiwa na mvi.

Mzee aliliwa nyumba, akasema mwenzake kahesabu vibaya. Akaambiwa kahesabu sawa. Akasema basi yeye ndiye aliyekosea, arudishe kete aanze upya. Kisha akamgeukia kijana aliyekuwa akitazama, eti kikohozi chake kimempoteza. Nikamwangalia mume wangu, naye akaangalia miguu yake.

Nikasubiri ugomvi, haukuja. Mzee aliyekuwa akicheza naye, mfupi, kofia ya sufu juani, alitoa mikono ubaoni na kuiweka magotini. Basi. Hakubisha, hakuinuka. Mwingine akaanza kuuliza habari za malipo ya pamba. Mwingine akamwomba baba mkwe ampitishie chai, na baba mkwe akaipitisha huku amenuna. Muda wote huo ubao uko pale, kete kama zilivyo, hakuna anayezigusa. Hata kuku alipokaribia alifukuzwa na watu watatu kwa pamoja.

Ilichukua kama robo saa. Ndipo mwenye kofia akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya wote, "Mwalimu, unapenda kurudisha kete. Hapa hatukurudishii. Cheza." Na baba mkwe, mtu ambaye nyumbani hakuna anayethubutu kumwambia chumvi imezidi, akacheza. Akafungwa. Akampisha mwingine, na mchezo ukaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea.

Jioni nikamuuliza shemeji kama siku zote ni hivyo. Akacheka. Akasema mwaka fulani mzee alisusa mwezi mzima, wenzake wakawa wanamtuma mtoto kila alasiri: mwalimu anaitwa, ubao umepangwa. Mtoto anarudishwa, kesho anatumwa tena. Mpaka mzee akachoka kumrudisha.

Shemeji ndiye aliyenisimulia pia habari ya Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma. Inasemekana vilianza karne ya 19 kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, kila mmoja akidai dawa yake ni kali zaidi. Mpaka leo msimu wa mavuno ukiisha wafuasi wao wanapambana kwa ngoma. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Wapo wanaocheza na fisi, wapo wa chatu. Ubishi wa wanaume wawili umelisha burudani ya kabila zima kwa zaidi ya miaka mia! Nikawaza kamba yetu ya Tabata, nikacheka peke yangu gizani.

Lakini kicheko kiliisha haraka. Maana pale mwembeni mzee aliambiwa usoni, na kiti chake hakikuondolewa. Sisi, na digrii zetu, tulikaa miezi sita tukimvumilia mtu kwa kutazamana chini ya meza, kisha tukamtumia mkewe meseji. Na mke, ambaye kazi yake ni kuhariri makala za mawasiliano kati ya wapenzi (usinicheke), akaificha kwenye pochi.

Usiku wa mwisho, tumekaa nje, nikampa simu. Sikusema kitu. Alisoma, uso ukiwa wa bluu kwa mwanga wa kioo.

"Hii imekuja lini?"

"Wiki tatu."

Akanyamaza kiasi cha mbwa kuzunguka boma. "Kwa hiyo wao wameshindwa kuniambia. Na wewe pia."

Ningeweza kujibu kwamba haambiliki. Nilikuwa na mifano, nilikuwa na tarehe. Nikasema tu, "Na mimi pia." Halafu, kwa kuwa nilishaanza, nikaongeza: "Na unanijibia zamu yangu. Sipendi."

Hakubisha mara moja. Kwake hilo ni jambo kubwa. Aliuliza, "Kila mara?" Nikamwambia kila mara. Akaingia kulala, mimi nikabaki na nyota, ambazo huku ni nyingi mpaka zinakera.

Asubuhi baba mkwe alitusindikiza hadi barabarani akisukuma baiskeli. Alimpa mwanawe kifurushi cha gazeti kuukuu. Ndani kulikuwa na kete, zile mbegu za kijivu zinazong'aa kwa kushikwa. "Ubao utachongesha hukohuko," akasema. "Hizi zihesabu zikiwa 64, usije ukasema nimekupunja."

Stendi ya Maswa, basi likisubiri abiria, mume wangu akasogea pembeni akampigia rafiki yetu wa Tabata. Mimi nikaenda kununua karanga ambazo sikuzihitaji. Niliporudi bado alikuwa anaongea, mkono mmoja hewani. Kwa mbali sikuweza kujua kama anacheka au anabishana, maana kwake sauti ni ileile.