Njia ya Jana

Shule ya msingi tulikaririshwa: tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia, kama hakuna gari, vuka. Nimeiimba miaka saba, na mpaka namaliza kidato cha nne sikuwahi kuona kasoro yake. Kasoro niliiona walipokuja kuchimba barabara mtaani kwetu, hapa mjini Mtwara.

Msomaji, usinifikirie vibaya. Sisi watu wa Kusini barabara tumezililia. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, wazee wetu waliuvuka Mto Rufiji kwa kivuko, na masika ikishika, safari ya Dar es Salaam ilikuwa ni kulala njiani na watoto. Kwa hiyo mwaka 2017, ujenzi wa lami ulipoanza kutoka Mtwara kwenda Mnivata, kilomita 50, watu walifurahi, na ni haki yao. Greda likipita ni heri. Ninachouliza mimi ni hiki tu: heri hiyo ikiwa inatengenezwa, mtu wa miguu apite wapi?

Bibi yangu mzaa mama anakaa Msimbati, kule pwani, si mbali na Ruvuma inapoingia baharini. Siku hiyo alikuja mjini kutibiwa macho. Tulipofika penye ujenzi, nusu ya barabara ya ng'ambo ilikuwa imechimbwa, magari ya kwenda na ya kurudi yote yanagombania nusu ya upande wetu. Pembeni, tulipozoea kupita, pamejaa kokoto. Mtaro uko wazi, hauna ubao wala utepe. Kushoto kwetu kifusi kimesimama, kirefu kuliko mimi. Mtu wa kibendera hayupo.

Nikatazama kulia. Kushoto nikaona kifusi, nikahesabu kwamba nimetazama. Kulia tena. Nikamshika Bibi mkono, nikamwambia, "Twende, Bibi, kweupe."

Pikipiki ikatokea nyuma ya kifusi, kwenye upande ambao siku zote magari hutujia kutoka kulia. Kijana aliyeiendesha alijitahidi kukwepa, lakini akwepee wapi, na huku kuna shimo? Bibi akaanguka. Mguu ukavunjika.

Watu wakamfokea yule kijana. Wengine wakasema eti wazee wa shamba hawajui barabara. Mimi nikanyamaza kimya, maana aliyesema kweupe nilikuwa mimi.

Hospitalini Bibi hakunilaumu. Alisema, "Mjukuu wangu, wewe ulitazama njia ya jana." Akanieleza kwamba kule mlangoni mwa Ruvuma mafungu ya mchanga huhama. Palipovukika mwezi uliopita, leo ni kina. "Sisi hatuvuki kwa kukumbuka. Tunamwuliza aliyetoka huko asubuhi."

Nimeyawaza sana maneno hayo. Barabara inayojengwa nayo huhama kila kukicha, na kulia ya jana leo ni kushoto. Ila kuna tofauti moja. Mchanga wa Ruvuma huhamishwa na maji, na maji hayana wa kumshitaki. Kifusi kimehamishwa na mtu, naye jioni akienda kwake anajua amekiacha wapi. Basi huyo ndiye wa kutuambia. Atuwekee ubao juu ya mtaro, utepe, taa usiku, njia ya miguu hata kama ni nyembamba, na mtu wa kibendera asiyebanduka. Na kifusi kisizidi kimo cha mtoto. Hivyo si vitu vya kumfilisi mtu anayemwaga lami.

Barabara ile imekwisha, nzuri kweli. Bibi anatembea kwa fimbo, na mjini haji tena. Mimi ndiye ninayemfuata Msimbati. Kila nikiaga huniuliza, "Huko kwenu bado wanachimba?"

Namjibu, "Wanachimba mtaa mwingine, Bibi." Basi hunishika mkono, akakawia kuuachia.