Shilingi Huingia Ngara, Lakini Hulala Wapi?

Mtu aondokaye katikati ya mji wa Nairobi kwa miguu, akavuka mto na kupanda upande wa Ngara, hana haja ya kuulizia nyumba za Park Road. Zi wazi mbele yake, ghorofa juu ya ghorofa, nyumba 1,370 kwa jumla, zilizojengwa chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu uliotangazwa mwaka 2017, wakati wa Rais Uhuru Kenyatta. Wageni husimama wakahesabu madirisha. Wenye kuandika taarifa huhesabu vibarua walioajiriwa, kisha hupiga mstari na kuandika jumla. Sisi makarani twapenda sana jumla iliyo chini ya ukurasa; lakini jumla hiyo haimwambii jirani wa Ngara kama amepata riziki au amepata kivuli tu.

Yafaa kuifuata shilingi yenyewe. Tuseme mwashi akaaye mtaani alipwa shilingi 1,000, na nusu yake aitumia papo hapo: kwa mama auzaye chapati na maharagwe, kwa kinyozi, kwa mwenye chumba anacholala. Hao nao wakitumia mtaani nusu ya walichopata, na waliopokea kwao wakafanya vivyo hivyo, zitakuwa 1,000, kisha 500, kisha 250, zikiendelea kupungua, hata mwisho mtaa umepata pato la shilingi 2,000. Lakini ikiwa kila mmoja huacha mtaani sehemu moja tu katika tano, jumla haipiti 1,250. Jengo ni lile lile na mshahara ni ule ule. Wala fedha alizozipeleka mwashi kwa wazazi wake Kakamega hazikupotea, ila faida yake haina budi kuandikwa Kakamega, si Ngara.

Tena sehemu kubwa ya gharama za jengo haipiti kabisa mikononi mwa mwashi. Viwanda vya saruji viko Athi River. Lifti hutoka ng'ambo. Ndiyo maana habari ya milango ni kubwa kuliko watu wanavyoidhani. Serikali imesema kwamba milango na madirisha ya nyumba za mpango huu yanunuliwe kwa mafundi wa jua kali. Seremala wa Gikomba apatapo kazi ya milango, hununua mbao, na mbao ni mti wa mkulima fulani. Hata nguzo za mikaratusi zinazotegemeza zege bichi zilikatwa katika shamba la mtu. Iwapo seremala alipwa kwa wakati, mkulima naye hulipwa. Akicheleweshewa, hukopa, na faida ya mlango huliwa na riba kabla mlango haujatiwa kitasa.

Kisha kuna hesabu ya kutoa, ambayo husahauliwa na wengi. Jamaa wahamao kutoka Eastleigh kuja Ngara huja na matumizi yao ya kila siku. Muuza mboga wa Ngara hufurahi, na mwenzake wa Eastleigh hukosa. Na kabla ya jengo palikuwa na nini? Jirani na hapo ni Pangani, na habari za Pangani ya kale zatufundisha mengi. Kilikuwa kijiji cha Waafrika waliojijengea nyumba zao wenyewe, wanawake wengi miongoni mwao, wakapangisha vyumba na kuishi kwa kodi. Kufikia mwaka 1939 kijiji kilikuwa kimebomolewa, na watu wakahamishiwa Shauri Moyo, katika nyumba za halmashauri ya mji. Mtu angeweza kuhesabu vyumba vipya na kusema kwamba watu wamefaidika. Lakini aliyekuwa mwenye nyumba alikuwa sasa mpangaji, na kodi iliyokuwa ikilala kijijini ilikwenda ofisini.

Jambo hili latuhusu hata sisi tusiotarajia kupata ufunguo wa nyumba hizo. Kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Karani wa Kitui hukatwa sawasawa na wa Nairobi. Basi ana haki ya kuuliza, na swali lake lisiwe idadi ya nyumba peke yake. Aulize jirani waliuza nini kabla ya ujenzi, waliuza nini waashi walipokuwapo, na wauza nini miaka miwili baada ya waashi kwenda zao, maana chakula cha vibarua ni biashara ya msimu. Hesabu ya kwanza ndiyo ngumu kupatikana baadaye, kwa kuwa hapana akumbukaye vema mauzo ya zamani. Mwenye daftari na aanze kwa wauza vikapu na viatu vya ngozi pale sokoni Kariokor, kabla msingi wa jengo lingine haujachimbwa.