Kabla Mtoto Hajachagua Chuo cha Sheria

Kila mwaka ifikapo Julai, matokeo ya kidato cha sita yakitangazwa, nyumba nyingi hapa Singida hujaa ama vigelegele ama ukimya. Mwaka huu vigelegele vilikuwa kwetu, kwa maana binti yetu alipata daraja la kwanza. Siku ile ile alituambia kwamba atasoma sheria, tena Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, si penginepo.

Hatukushangaa. Masomo ya sheria ndiyo yaliyotangulia mengine yote katika chuo hicho, tangu mwaka 1961, na majaji na mawakili wengi wa nchi hii wamepitia hapo. Lakini kupenda ni jambo moja na kupata ni jingine. Sisi wauguzi tunaopima watoto kliniki twajua kwamba uzito ukisomwa peke yake hausemi mengi. Hatuna budi kutazama na umri wa mtoto, na jinsi mstari wake ulivyopanda kwenye kadi. Na matokeo ya mtihani ni vivyo hivyo.

Akina mama wengi hutatanishwa na jambo moja: pointi huhesabiwa kwa njia mbili. Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3 na D kuwa 4. Hapo aliye na pointi chache ndiye bora. Binti yetu alipata B ya Historia, C ya Kiingereza na D ya Jiografia, jumla pointi 9. Daraja la kwanza huanzia pointi 3 na kuishia 9, hivyo yeye alishika mkiani mwake. Majirani walisikia "daraja la kwanza" wakadhani milango yote i wazi.

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huhesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hapa mwenye nyingi ndiye bora. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa njia ya kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili, kila moja kwa alama ya E au zaidi, yenye jumla ya pointi 4. Kwa masomo yake mawili ya juu, binti yetu ana 7. Baba yake alifurahi, akasema, "Amevuka!"

Kweli amevuka, ila kiwango cha chini ni ruhusa ya kusimama kwenye foleni tu. Mwenye A mbili ana pointi 10, naye anasimama mbele yake. Kwa hiyo tuliutafuta mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka. Humo kila kozi ya kila chuo imeandikwa: masomo yanayotakiwa, pointi za chini za chuo chenyewe, na idadi ya nafasi. Tukakaa mezani na daftari, tukagawa vyuo mafungu matatu: kile anachokitaka ingawa nafasi ni finyu, kile kinacholingana na alama zake, na kile ambacho alama zake zinakizidi. Sheria hufundishwa pia Mzumbe, Chuo Kikuu cha Dodoma ambacho kwetu ni jirani, Chuo Kikuu Huria na vingine.

Hapo binti yetu akalia. "Mama, mnaniandikia vyuo vingine kwa sababu hamniamini."

Tulimwacha anyamaze kwanza. Kisha tukamwambia, "Tunakuamini, mwanetu. Lakini viti vimehesabiwa, na havihesabiwi kwa imani yetu kwako." Tukamwonyesha na jambo jingine. Anayetaka kuwa wakili Tanzania Bara, atoke chuo chochote, hupitia baadaye Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanza kufundisha mwaka 2008. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka iliposikika kwamba katika watahiniwa 633 wa taasisi hiyo, 26 tu ndio waliofaulu masomo yote. Wote walikuwa na shahada mkononi. Basi jina la chuo halimbebi mtu mpaka mwisho. Kinachombeba ni alichojifunza huko.

Usiku ule alituandikia orodha yake mwenyewe. Mlimani juu, kama moyo wake ulivyotaka, na viwili chini yake. Tunapoandika haya, majibu ya awamu ya kwanza hayajatoka, nasi tunaomba na kungoja.

Akina mama wenzetu, yafaa tukumbuke mambo machache. Mtoto aombe zaidi ya chuo kimoja. Akichaguliwa na viwili, athibitishe kimoja kabla ya siku ya mwisho. Asipopata awamu ya kwanza, zipo zinazofuata. Kupata chuo si kupata mkopo. Bodi ya Mikopo ina maombi yake, na magunia ya alizeti yasiuzwe yote kabla ya kujua ada. Anayekuambia atamwekea mtoto nafasi kwa pesa, mkimbie. Na yule ambaye alama zake hazikufika hajafungiwa: Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto hufundisha sheria ngazi ya cheti na stashahada, na mwenye stashahada nzuri huweza kuomba shahada. Sisi wenye stashahada za uuguzi twajua kwamba njia hiyo nayo hufika.

Zaidi ya yote, tuifanye hesabu hii pamoja na mtoto, kalamu ikiwa mkononi mwake. Akiipima nafasi yake mwenyewe, jibu lolote litakalokuja litamkuta amesimama.